Pampu Iliyoshindwa Kuruka Ukuta

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na miwili, magoti yangu yote mawili yakiwa mazima. Neno hilo la kustaafu si langu. Ni la Salongo, mwenye karakana ya pampu pale mtaa wa Hai Mauna, Juba, anayeshikilia kwamba mtu akitoka kwake amestaafu, kwa kuwa baada ya kwake hakuna kazi nyingine ya maana. Nilimwuliza mbona fundi aliyenitangulia sasa anauza simu Gulu. Akasema huyo ni mstaafu anayeuza simu.

Nyinyi mnaobaki mmeniomba niwaandikie niliyojifunza kabla sijapanda basi kurudi Kitale. Sitaandika juu ya vyeo, maana karakanani hakuna mahali pa kupanda ila ngazi ya tangi. Mshahara mnaujua. Nitaandika juu ya ukuta, kwa sababu mnaupita kila asubuhi bila kuuliza unafanya nini pale, na juu ya pampu moja iliyoshindwa kuuruka.

Siku yangu ya kwanza nilifika na shahada ya uhandisi, spana zangu mwenyewe, na imani kwamba kila kitu kilichozoeleka kina kasoro mahali fulani. Salongo, jina ambalo Waganda humpa baba wa mapacha, alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Umesoma nini?"

"Uhandisi wa mitambo."

"Mitambo gani?"

"Yote."

"Sawa. Anza na huu," akanisukumia pampu iliyojaa tope la mtoni hadi kwenye shingo. Ndani yake nilikuta mchanga, kipande cha kamba na mfupa wa samaki. Nilipoisafisha na kuifunga, nilimwuliza nitajuaje kama imepona. Akaniongoza nyuma.

Pale nyuma ndipo ulipo ukuta. Kwa yeyote atakayesoma haya bila kuujua: ni ukuta mrefu wa matofali, na upande wa pili ni paa la mabati la kanisa. Pampu ikishatengenezwa, au ikiwa mpya inauzwa, inatumbukizwa mpira wake kwenye pipa, inawashwa, na fundi anaelekeza maji juu. Maji yakiruka ukuta na kupiga mabati ya kanisa, mteja anatabasamu na kutoa pesa. Yakiishia kwenye matofali, mteja anakunja uso. Mwalimu wa kwaya ya kanisa lile alishazoea. Mabati yakianza kulia anainua mkono, waimbaji wananyamaza, kisha anawarudisha mwanzo wa ubeti. Salongo naye ana heshima zake: Jumapili hatupimi.

Sikuwa na ubishi na mantiki yake. Hapa Juba maji yanaletwa na lori, yanamwagwa kwenye pipa au tangi la chini, kisha lazima yapande hadi tangi lililo juu ya nguzo za chuma. Pampu isiyopandisha maji haina kazi katika mji huu. Hata hivyo niliuliza, kwa sababu ndivyo nilivyo.

"Na mteja asiyetaka kupandisha maji?"

Salongo alifikiri kwa dhati. "Anataka kuyapeleka wapi sasa?"

Jibu lilikuja mwaka wangu wa pili, likiwa limevaa ndara na kofia ya mpira ya kuogelea.

Hapo katikati nilifanya kazi kama ninyi. Nilijifunza kwamba pampu inayonguruma bila kuzunguka mara nyingi inadai kapasita mpya, kile kikopo kinachoipa mota msukumo wa kuanza, si mota mpya. Nilijifunza kutowasha pampu kavu ili "kuisikiliza tu". Nilijifunza kupenda klampu mita, ile mita inayobana waya na kukwambia umeme unaopita, kwa sababu ni kifaa pekee karakanani kisichokuwa na maoni. Salongo alinifundisha kutambua beringi iliyochoka kwa kuegemeza bisibisi kwenye mota na sikio kwenye mpini. Nililidharau hilo kwa siku kadhaa, nikalijaribu nikidhani hakuna anayeniona, na tangu hapo nalifanya mbele za watu.

Mama Keji alikuja amebeba pampu iliyoungua ndani ya beseni, kama mtu anayempeleka kuku kwa daktari. Alikulia Nairobi enzi za ukimbizi, akarudi Juba mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule.

"Nani hapa ndiye injinia? Nimeambiwa kuna msichana anauliza maswali mengi."

"Ni huyo," Salongo akanionyesha kwa kidevu. "Ukitaka majibu, kuja kwangu."

Alikuwa na bwawa la kuogelea uani kwake, mtaa wa Hai Cinema. Si la kuchimbwa. Ni yale ya juu ya ardhi, fremu ya chuma na turubai nene la bluu, alilolinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama. Humo alifundisha watoto wa mtaa kuogelea. Watoto wa Juba wanakwenda mtoni watake wasitake, kuoga, kufua, kucheza. Mama Keji alitaka wajue kuelea kabla mto haujawatahini. Wazazi walichanga ada, ila ada yote ililiwa na jenereta, maana pampu ilikuwa kubwa na ilinguruma kutwa. Sasa imeungua, na maji yameanza kuwa kijani.

"Wazazi wanakuja Jumamosi," alisema. "Wakipata kijani wanatoa watoto. Na wakipata safi, lakini bado nanunua mafuta vile nilikuwa nanunua, mwisho wa muhula nafunga tu mwenyewe. Nirudi kuuza soda. Soda haizamishi mtu, lakini pia haimfundishi mtu kitu."

Salongo alikuwa ameshatoa pampu mpya, kubwa kuliko ile iliyoungua. Akaitumbukiza mpira, akawasha. Maji yalipita juu ya ukuta kwa dharau, mabati yakapiga kelele, kwaya ikanyamaza. Mama Keji akapiga makofi.

"Hiyo! Nipatie hiyo."

Nikauliza, "Mama Keji, kwako maji yanaruka ukuta gani?"

Alinigeukia. "Ukuta?"

"Yanatoka bwawani, yanapita kwenye kichujio cha mchanga, yanarudi bwawani. Yanapanda wapi?"

"Hayapandi," akasema polepole. "Yanazunguka tu."

Salongo alizima pampu. Upande wa pili kwaya ilianza ubeti upya. "Injinia," akaniambia, "mimi iko nauza pampu au nauza hesabu?"

"Leo tuuze vyote viwili. Nikishindwa, kesho mpe hii kubwa."

Twende sasa kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi wenu mtanitoroka. Mteja wa bwawa akija, msiulize farasi wangapi, yaani nguvu ya mota. Ulizeni kwanza bwawa lina maji kiasi gani. Nilikwenda kwa Mama Keji, nikapima upana wa bwawa lake kwa kamba, nikapima kina cha maji kwa fimbo ya ufagio, nikapata kama lita elfu kumi na sita. Swali la pili: anataka maji yote yapite kwenye kichujio kwa muda gani? Mara moja ndani ya mchana mmoja inatosha kwa bwawa dogo lenye dawa ya kutosha. Gawanya kwa saa za jua, nane hivi, na utaona kwamba anachohitaji ni lita elfu mbili hivi kwa saa. Ile pampu ya zamani, kwa makadirio yangu, ilikuwa inasukuma mara tano au sita ya hapo. Swali la tatu: kichujio chake kinaweza kumeza kiasi gani? Kilikuwa kidogo. Maji yakilazimishwa kupita kwa nguvu kwenye mchanga kidogo, uchafu unapenya nao na kurudi bwawani. Kwa maneno mengine, alikuwa ananunua mafuta ili kuzungusha uchafu wake kwa kasi.

Swali la nne ndilo lililonifurahisha. Juu ya paa lake kulikuwa na sola, na ndani kulikuwa na inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kuendesha vyombo, iliyoendesha friji ya soda.

"Mbona pampu haikutumia hii?"

"Weh! Ikiwashwa tu inveta inapiga mlio, inazima, na friji inazima nayo. Fundi alisema sola ni ya taa, pampu ni ya jenereta. Ni sheria."

"Sheria ya nani?"

"Aki wewe, si ndiyo nakuuliza."

Si sheria. Mota ya kawaida ikianza kuzunguka inavuta umeme kwa mkupuo mkubwa, halafu inatulia. Ni mkupuo ule unaoangusha inveta. Lakini ziko pampu za bwawa ambazo kasi yake inabadilishwa kwa vibonye, na hizo huanza taratibu, kama mtu anayeamka bila kengele. Na zina siri nyingine. Ukipunguza kasi ya mota iwe nusu, maji yanapungua nusu, lakini umeme haupungui nusu tu. Unashuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na kwa kuwa nilifundishwa mengi chuoni, nilitaka kuona kwa mita.

Ilibidi niende soko la Konyo Konyo kwa Warsame, Msomali wa Garissa anayeuza mota, nyaya na kila kitu kinachoshuka kwenye kontena. Nilikuwa nimeiona pampu ya namna hiyo dukani kwake. Ilikuwa kwenye kona, imewekewa birika la chai juu.

"Warsame, unauza hiyo?"

"Hiyo? Dada yangu, hiyo wallahi si bidhaa tena. Imekaa hapa mpaka imekuwa familia."

"Kwa nini hainunuliwi?"

"Kwa sababu ya boss wako! Kila mteja anataka kwanza aende akapime kwa Salongo. Nimeipeleka mara moja. Watu walicheka, na mimi nikacheka, ndiyo nisilie."

"Niazime mpaka Jumamosi."

Alinitazama, akatazama birika. "Pampu ikilowa haiwi mpya."

"Mama Keji akiikataa, narudisha na chai nakununulia mimi mwezi mzima."

"Chai ya maziwa?"

"Ya maziwa."

Akaondoa birika.

Niliporudi na kisa cha birika, Salongo alikataa pampu itoke bila kupita ukutani. Desturi ni desturi. Nyinyi wengine mlikuwepo, kwa hiyo mnakumbuka kicheko. Maji yalitoka kwenye mpira, yakainuka hadi usawa wa kifua, yakafikiri, yakarudi kunilowesha viatu. Kwaya haikunyamaza hata sekunde.

"Hii ni ya kumwagilia maua," Salongo alisema huku anafuta machozi. "Kalas, basi, Injinia. Rudisha birika mahali yake."

Mama Keji alikuwa amesimama pembeni na hakuwa anacheka. "Nimeshikwa na woga kidogo," aliniambia. "Niko na Jumamosi moja tu."

Nilimwambia ukweli, kwamba hata mimi sikuwa na hakika. Sijawahi kuwa na hakika na kitu kabla ya kukipima, na nyinyi pia msiwe nayo. Nikamwomba anipe nafasi ya kujaribu zote mbili kwake, mbele ya macho yake.

Kwa hiyo tulikwenda Hai Cinema na pampu mbili na Salongo, aliyesema anakuja ili kubeba ile kubwa. Tuliunganisha ile kubwa kwanza kwenye inveta. Ilinguruma mara moja, inveta ikapiga mlio, friji ikazima, na soda zikabaki gizani. Tukawasha inveta upya, tukaunganisha ile ndogo. Haikunguruma. Ilijikuna, ikaanza, na friji ikaendelea na shughuli zake. Nilibana waya kwa mita, nikasoma, nikashusha kasi hadi nusu, nikasoma tena. Haikufika sehemu moja ya nane kamili, kwa sababu kile kidude cha vibonye nacho kinataka riziki yake, lakini ilikaribia kiasi kwamba nilibadilisha betri ya mita nikidhani inanidanganya. Haikuwa inadanganya. Pampu ilikuwa inakula umeme mdogo kuliko friji.

Salongo alichungulia ile mita kwa muda. "Na maji?"

Nilitoa mpira wa kurudishia, nikakinga ndoo, nikahesabu kwa simu muda wa kujaa. Lita elfu mbili kwa saa na chenji. Ndivyo bwawa lilivyotaka.

Msidhani hadithi inaishia hapo, kwa sababu hesabu iliyokamilika ndiyo inayonitia shaka kuliko zote. Tulitia shabu kuvuta tope chini, tukasugua kuta, tukafyonza sakafu, tukatia dawa, tukaiacha pampu izunguke polepole. Siku ya pili Mama Keji alinipigia.

"Injinia, kuja uone. Chini naona mpaka kucha zangu. Juu naona mwarobaini wote wa Hai Cinema."

Ni kweli. Majani na vumbi vilielea juu ya maji bila haraka yoyote. Pembeni mwa bwawa kuna mdomo unaonyonya takataka za juu, na kwa kasi ile ya chini ulikuwa unanyonya kama mtoto aliyeshiba. Salongo aliposikia, alianza kufunga ile pampu kubwa kwenye bodaboda ailete.

Tulikaa ukingoni, Mama Keji na mimi, tukitazama jani moja. Nilipandisha kasi kidogo. Jani likasogea. Nikapandisha tena, likakimbilia mdomoni. Inveta haikupiga mlio, maana lilikuwa jua la mchana na sola ilikuwa na umeme wa kumwaga.

"Kwa nini isiende mbio saa hii tu?" aliuliza. "Jua likiwa kali namna hii, ifagie juu. Halafu irudi polepole ifagie ndani."

Hilo halikuwemo kwenye daftari langu lolote la chuo, na hakukuwa na sababu liwemo. Pampu ya zamani ilikuwa na mwendo mmoja, kwa hiyo watu walikuwa na wazo moja. Tukaiweka hivyo: mbio adhuhuri, polepole saa zilizobaki. Mtakapoifunga pampu ya namna hii kwingine, msimwachie mteja kasi moja mkaondoka. Kaeni na jani.

Jumamosi adhuhuri wazazi walifika. Maji yalikuwa bluu, kwa kuwa turubai ni la bluu na sasa lilionekana. Akina mama walikuwa tayari wanavua watoto viatu, ila baba mmoja mrefu, aliyevaa suti kama anakwenda bungeni, alizunguka bwawa akiwa ameinamisha sikio.

"Pampu iko wapi?"

"Ndiyo hiyo," Mama Keji akamwonyesha.

"Haifanyi kazi. Sisikii."

Wote wakanyamaza kusikiliza. Mnajua jinsi mji wetu unavyoamini kelele. Jenereta isiponguruma, mtu anajua umeme hakuna. Akina mama wakaanza kuwarudishia watoto viatu. Nikaona Mama Keji ameshika kofia yake ya mpira kwa mikono miwili, anaikunja. Nilifungua mdomo nianze na lita kwa saa, nikaona macho ya yule baba, nikaufunga.

Mama Keji alichuma jani la mwarobaini, akaliweka juu ya maji mbele ya yule baba.

"Subiri," akasema.

Lilikaa. Kisha likageuka. Kisha likaanza safari, bila haraka, kama karani anayerudi ofisini baada ya chakula, kupita mbele ya wazazi wote hadi mdomoni, likamezwa. Yule baba alikunja mkono wa suti, akautia kwenye bomba la kurudishia, akahisi maji yanavyosukuma kiganja chake.

"Kwes," akasema, yaani safi. Kisha akamgeukia mwanawe. "Unangoja nini? Ingia."

Nyuma yangu Salongo alikohoa. "Lakini haijaruka ukuta."

"Hapa hakuna ukuta, Salongo."

Aliangalia ua mzima, pande zote nne, kwa haki kabisa. "Kweli," akasema. "Hakuna."

Pampu ile haikurudi Konyo Konyo. Warsame aliagiza nyingine mbili, na birika sasa linakaa juu ya betri. Ukuta bado mnautumia, na ni sawa, maana matangi bado yako juu. Lakini kabla ya kugusa pipa, Salongo sasa anamwuliza kila mteja, "Maji nakwenda wapi?" Ukimwuliza aliyeanzisha swali hilo, atakuambia ni yeye, tangu zamani, na mimi nilimkuta nalo. Mwacheni.

Nilibaki na jambo moja. Mimi niliyepima bwawa lile kwa kamba na fimbo ya ufagio sikuwahi kuingia ndani yake, kwa sababu sijui kuogelea. Wiki hii Mama Keji alisikia kwamba nimestaafu, akasema hakuna mstaafu atakayetoka Juba kavu. Jana mchana aliniingiza, nikiwa nimevaa fulana kubwa na aibu kubwa zaidi, maji yakinifika kifuani.

"Lala chali."

"Nikilala nitazama."

"Nani amekwambia?"

Nilitafuta aliyeniambia. Sikumpata. Aliweka mkono chini ya mgongo wangu, nikalala, masikio yakaingia majini, na nikasikia kimya kitupu.

"Mama Keji! Pampu imezima!"

"Geuza macho, si kichwa," sauti yake ikanifikia kwa mbali.

Niligeuza macho. Jani la mwarobaini lilikuwa linapita karibu na bega langu, polepole, kuelekea mdomoni. Nikalitazama mpaka likamezwa, ili niwe na hakika. Nilipotaka kumwambia sasa anaweza kuutoa mkono wake, nikaiona mikono yake yote miwili. Ilikuwa juu ya maji, inaivuta kofia yake ya mpira kichwani.